Viti Vitupu Sifuri

Nafundisha hisabati katika chuo kimoja hapa Dodoma. Somo langu ni la kutafuta kilicho bora: magari machache kuliko yote, njia fupi kuliko zote, maboksi mengi iwezekanavyo ndani ya kontena moja. Muhula wa kwanza nafundisha kupakia, muhula wa pili nafundisha kusambaza. Wanafunzi wananiogopa kidogo, jambo ninalolipenda. Nyumbani kwetu Miyuji, kwa upande mwingine, hakuna aliyejua ninafanya nini hasa, wala hakuna aliyeuliza, hadi mdogo wangu wa kiume alipochumbia binti wa Busi.

Busi ni vijijini huko Kondoa, mbali na lami, kwa watu wanaoamka na majembe. Ndoa ingefungwa kwao binti siku ya Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri, na sisi upande wa bwana harusi tulitakiwa kutoka Miyuji asubuhi tukiwa na watu, vyombo, vyakula na heshima zetu zote. Mwenyekiti wa kamati alikuwa baba mdogo. Ni mstaafu wa serikali, na tangu astaafu hajapata kitu cha kuongoza isipokuwa sisi.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe si ndiye unayesomesha watu mambo ya magari?"

"Ni hisabati ya njia, baba mdogo."

"Ndiyo hiyo hiyo. Kamati ya usafiri ni yako."

Ukoo wetu hujivunia kwamba mababu walifika mji huu na misafara ya biashara, kwa miguu, kutoka pwani. Kwa hiyo kila mjumbe alijiona mtaalamu wa usafiri kwa kuzaliwa, na kikao kilipoanza sebuleni kwa baba mdogo sikupata nafasi ya kufungua kompyuta kwa muda wa saa nzima. Nilipopata, nilieleza kwamba nahitaji vitu viwili tu: orodha ya wasafiri na idadi ya viti. Tulikuwa na kosta moja, noa moja, gari dogo la kukodi litakalopambwa maua, na kanta ya mizigo. Programu yangu, niliwaambia, itampanga kila mtu mahali pake bila kiti hata kimoja kwenda kitupu, na bila gari lolote kurudi nyuma hata mita moja.

"Bila kurudi nyuma," baba mdogo alirudia, akiandika kwenye daftari lake. "Hiyo iingie kwenye kumbukumbu za kikao."

Kisha yakaja masharti. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alisema wake wawili wa mjomba hawawezi kupanda gari moja. Mjomba akasema yeye hawezi kusafiri bila wake zake wote wawili. Imamu wetu wa mtaani hakai karibu na spika ya muziki. Jirani wa nyumba ya pili lazima akae mbele kwa sababu ya magoti, na jirani wa nyumba ya tatu lazima akae mbele kwa sababu jirani wa nyumba ya pili amekaa mbele. Mama alikumbusha kwamba tuna binamu anayetapika safarini, na binamu mwingine anayetapika akimwona huyo wa kwanza. Tena kulikuwa na ndugu watano wa Kolo ambao wangesubiri kando ya barabara kuchukuliwa saa nne kamili.

Niliingiza yote. Kompyuta ikafikiri, feni ikalia, ikaandika kwamba hakuna suluhisho.

"Imesemaje?" baba mdogo aliuliza.

"Imesema haiwezekani."

Alivua miwani. Katika miaka yake yote ofisini nadhani hakuwahi kupokea jibu la wazi namna hiyo.

"Usiandike hivyo," alisema. "Andika kwamba suluhisho linafanyiwa kazi."

Likafanyiwa kazi. Mjomba alikubali kugawanywa, aende na bi mkubwa na kurudi na bi mdogo. Jirani wa nyumba ya tatu aliahidiwa kiti cha mbele cha kanta, ambacho ni cha mbele kuliko vyote. Spika ikahamishiwa kwenye noa. Nikatuma fomu kwa kila mkuu wa kaya ajaze watu wake kwa maandishi, fulani na fulani, ili pasiwe na mtu wa kusema baadaye kwamba alisahauliwa. Fomu zilirudi kwa wakati. Alhamisi jioni programu ilitoa jibu: watu wote wamepangwa, magari hayaongezeki, viti vitupu sifuri. Nililitazama lile sifuri kama mtu anayetazama picha ya mtoto wake. Nikalipiga picha, nikawatumia wenzangu wa idara.

Ijumaa tulipakia mizigo. Hapa nilikuwa na tatizo dogo, kwa sababu programu ilisema vyombo havitatosha kwenye kanta moja na kwamba inahitajika ya pili. Nilikuwa nimepima kila kitu kwa mkono wangu, urefu, upana na kimo: masufuria saba ya pilau, mabeseni, majamvi, masanduku ya bibi harusi, turubai la kivuli. Nilimpelekea shangazi habari hizo pale uani, naye alikuwa ameketi juu ya sufuria lililopinduliwa.

"Masufuria umeyahesabuje?" aliuliza.

"Kila moja kama boksi."

"Umeyapima pamoja na hewa yake?"

"Ndiyo, shangazi."

"Hiyo hewa tunaipeleka Busi ya nini?"

Aliinuka akaingiza sufuria ndani ya sufuria hadi yakawa moja. Lile la ndani kabisa akalijaza mchele, ndani ya mchele akachomeka vikombe, na nafasi iliyobaki kati ya masanduku akaijaza majamvi yaliyokunjwa. Turubai, kwa kuwa ni bapa, lilitangulia chini kabisa. Alasiri haijaingia vizuri, kanta moja ilikuwa imemeza kila kitu na kubakiza nafasi ya godoro. Watu wote wa uani wakanigeukia. Nikasema kwamba katika taaluma yetu suala la maumbo yanayoingiliana ni mada ya shahada ya uzamili. Shangazi akasema yeye aliishia darasa la nne, labda walikuwa hawajaifikia.

Jumamosi asubuhi nilisimama mbele ya nyumba yetu na karatasi yangu, nikiita majina kwa sauti ya darasani. Kila aliyeitwa alipanda, kila aliyepanda nilimwekea alama. Sijawahi kuona ndugu zangu wakiwa na nidhamu namna ile. Saa mbili kasorobo tulikuwa tumekamilika, nimebaki mimi tu, ndipo akatokea bibi mmoja, shangazi wa marehemu baba, amebeba kapu na kuku. Hakuwa kwenye fomu yoyote. Hakujua fomu ni nini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nakaa wapi?"

Nilimpa kiti changu. Ulikuwa uamuzi wa kitaalamu: mtu mmoja nje, mtu mmoja ndani, sifuri langu likabaki palepale. Niliwaambia nitakuja nyuma yao kwa basi. Honi zikapigwa, vigelegele vikapigwa, gari la maua likatangulia, kosta ikafuata, noa na kanta nyuma, wote wakaishika barabara ya Kondoa. Nilibaki peke yangu nikiikunja karatasi iliyojaa alama za vema.

Nilikuwa bado naikunja mdogo wangu alipotokea kona ya kinyozi. Alikuwa amenyolewa vizuri, amevaa kanzu nyeupe na joho, kilemba amekishika mkononi kisichafuke.

"Dada," alisema, "wenzetu wako wapi?"

"Wameondoka."

"Na mimi?"

Naona aibu kuandika nilichofanya. Sikumtazama usoni. Niliikunjua karatasi nikamtafuta.

Hakuwemo. Mama alidhani amejiandikisha kwenye nyumba mpya aliyopanga kwa ajili ya maisha ya ndoa. Yeye, katika nyumba hiyo mpya, alipokea fomu yangu, akadhani ni mambo ya wageni, akanijibu kwa alama ya kidole gumba kwenye simu. Programu iliona gari la maua lina viti vitupu, ikavijaza wazee. Watu wa kosta walidhani yuko kwenye gari la maua. Watu wa gari la maua walidhani amewekwa kwenye noa, palipo na muziki. Watu wa noa hawakuweza kudhani chochote kwa sababu ya spika.

Nilimpigia baba mdogo.

"Haiwezekani," alisema. "Kila mtu amepanda. Nimehakiki mwenyewe kwa orodha yako."

"Baba mdogo, bwana harusi hajapanda. Niko naye hapa."

"Ni namba ngapi?"

"Hayumo kwenye orodha."

"Basi ndiyo maana."

Nilimwomba ageuze gari moja tu. Nikamsikia akiwauliza wazee, nikawasikia wazee wakijadiliana, halafu akarudi kwenye simu na sauti ya ofisini.

"Mwanangu, watu wa Kolo wanasubiri saa nne. Na kikao kilipitisha, kwa pendekezo lako, kwamba hakuna gari litakalorudi nyuma hata mita moja. Tukianza kuvunja maazimio mapema hivi tutafika wapi? Mtafutie usafiri wa dharura."

Tulitafuta. Basi la asubuhi lilikuwa limekwisha kuondoka na linalofuata lilikuwa la mchana. Teksi ya kwanza dereva alisikia neno Busi akasema gari lake ni la lami. Ya pili ilikubali, tukaingia, ikawashwa mara nne na haikuwaka. Kama mdogo wangu angenitukana ningejisikia nafuu. Yeye alikuwa analikunja na kulikunjua tu pindo la joho.

Kwenye duka la jumla kando ya barabara kulikuwa na lori linashusha soda. Dereva wake alikuwa mzee wa Kigogo, mkubwa wa mwili, msalaba mdogo shingoni, anashusha kreti mwenyewe huku anahema. Utingo wake alikuwa amefiwa. Nilimwamkia, nikamweleza.

"Kondoa naenda," alisema, akimtazama mdogo wangu kuanzia kilemba hadi viatu. "Huyu anaweza kubeba kreti?"

"Anaweza," mdogo wangu alijibu mwenyewe. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aulize *na mimi*.

Tukapanda. Nilipoketi tu, utaalamu ukanirudia. Nilimwambia mzee, kwa heshima, kwamba kwa kuwa tuna haraka, ingefaa aende Kondoa moja kwa moja kwanza, halafu maduka ya njiani ayagawie wakati wa kurudi. Umbali ni uleule. Nilikuwa hata nimechora kidogo nyuma ya karatasi yangu.

Hakubishana. Aliteremka, akaniita nyuma ya lori, akafungua mlango.

"Mzigo wa Kondoa uko wapi?" aliniuliza.

Niliona ukuta wa kreti na katoni za biskuti na mifuko ya unga, hadi juu. "Sijui."

"Uko mbele kule, umegusa bodi. Katikati ni Chemba. Hapa mlangoni ni Haneti. Nikifika Kondoa kwanza nitashusha nini, mwalimu? Itabidi niimwage Haneti yote barabarani, na Chemba juu yake, ndiyo nimfikie mtu wa Kondoa. Halafu nipakie upya. Huyu bwana harusi ataoa kesho."

Nimefundisha kupakia miaka mingi muhula wa kwanza, na kusambaza miaka mingi muhula wa pili, na katikati huwa tuna likizo. Sikumbuki kama niliwahi kuwaambia wanafunzi kwamba ni lori moja. Nilirudi mbele nikaketi.

Njiani simu ya kampuni iliyobandikwa juu ya usukani ilikuwa inamfokea mzee kila baada ya dakika chache, kwa sauti ya mwanamke mwenye haraka. Ilimtaka akate kushoto, apite njia fupi zaidi. Mzee alinionyesha hiyo njia fupi tulipoipita: ilikuwa inashuka kwenye korongo la mchanga ambalo punda mwenyewe angelitazama kwanza.

"Walituletea mfumo huu mwaka huu," alisema. "Nikifuata barabara unaandika kwamba nimepotea. Jioni bosi ananiuliza kwa nini nimepotea. Huyo aliyeutengeneza sijui alisomea wapi."

Nilijua alikosomea. Alikuja ofisini kwangu na mradi huo mkononi, na nilimpa A.

Haneti mdogo wangu alivua joho, akalikunja na kuliweka kwenye kiti, akashusha kreti akiwa na kanzu. Mimi nilishika karatasi ya hesabu za mzigo, kazi pekee niliyoaminiwa nayo. Mwenye duka alipoambiwa huyu ni bwana harusi aliita mke wake, mke wake akaita majirani, wakapiga vigelegele na kumpa soda mbili kati ya zile alizoshusha. Nilikuwa natazama saa. Lakini niliona kitu kingine: mdogo wangu alikuwa anacheka. Kwa majuma kadhaa nilikuwa nimemwona tu akiulizwa na kamati rangi ya vitambaa na idadi ya meza, na kila akitaka kujibu, wanamjibia. Pale Haneti, kanzu ikiwa imelowa jasho, kila mtu alikuwa anamuuliza habari za mchumba wake, na walimwacha ajibu.

"Mnajuana tangu lini?" mzee alimuuliza tuliporudi barabarani.

"Tangu alipokuja kusoma ualimu mjini. Aliniuliza njia ya sokoni, nikamwelekeza vibaya ili nimfuate kumsahihisha."

Mimi ni dada yake, tumekulia nyumba moja, na hadithi hiyo niliisikia kwa mara ya kwanza ndani ya lori la soda.

Chemba kulikuwa na maduka matatu, na duka la tatu mfuko wa unga ulipasuka mabegani kwake. Kondoa tulifika saa saba na nusu. Mzee alitutafutia bodaboda mbili anazoziamini, akakataa kuagwa kwa maneno mengi, akamwambia mdogo wangu, "Nenda ukaoe, mimi bado nina maduka mawili." Tukaingia barabara ya vumbi.

Busi tuliwakuta wageni wameketi juani. Turubai lilikuwa chini kabisa ya kanta ya shangazi, na ili kulifikia walilazimika kushusha masanduku, majamvi, mchele, vikombe na masufuria saba, na sasa wanaume walikuwa ndiyo kwanza wanasimamisha nguzo. Shangazi alikuwa anasimamia na hakutaka kunitazama. Tulikuwa tumetoshana nguvu.

Baba mdogo alikuwa amesimama mbele ya wazee wa bibi harusi. Kwa maelezo niliyopata baadaye alikuwa amehutubia mara tatu. Alikuwa amewaeleza kwamba msafara umefika salama na kwa ratiba, kwamba mahudhurio ni kamili kwa mujibu wa orodha, na kwamba suala la bwana harusi linafanyiwa kazi. Baba wa binti, mkulima mwembamba asiyependa maneno, alikuwa ameuliza swali moja tu, kama inawezekana wale waliofika warudi halafu aje yule mmoja.

Alipomwona kijana mwenye kanzu yenye vumbi anashuka kwenye bodaboda, unga mweupe umemjaa mabegani, alinyanyuka akamfuata katikati ya uwanja.

"Wewe ndiye?"

"Ndimi, baba. Shikamoo. Naomba radhi, niliachwa."

"Umekuja na nini?"

"Na lori la soda, baba. Nilikuwa nashusha."

Mzee yule alimpangusa unga begani kwa kiganja chake, pole pole, upande mmoja kisha wa pili, halafu akamshika mkono akamwingiza kwa shehe. Ndoa ilifungwa haraka, kwa sababu shehe naye alikuwa na nyingine.

Jioni, kabla ya kuondoka, nilimwona wifi yangu mpya ndani, amezungukwa na wanawake, hina imemkaa mikononi. Nilimwomba samahani. Nilianza kumweleza habari za fomu, na kaya, na viti.

"Wifi," alinikatiza, "mimi niliambiwa saa sita kwamba wamekuja wote isipokuwa yeye. Nikakaa hapa nikifikiri amebadili nia na mmekuja kula tu." Alicheka, lakini macho yake hayakuwa ya kucheka. "Siku nyingine uanze na yeye, halafu ndiyo upange hao wengine."



Tulivunja kamati majuma mawili baadaye, kwa pilau, sebuleni kwa baba mdogo. Kila kamati ndogo ilisoma ripoti. Ya kwangu ilisomwa na mwenyekiti mwenyewe, kwa sababu alisema mimi nina unyenyekevu uliopitiliza. Usafiri, alisoma, umefanikiwa kwa asilimia mia moja: wote walioorodheshwa walisafirishwa, hakuna kiti kilichokwenda kitupu, hakuna gari lililorudi nyuma. Changamoto ilikuwa moja ndogo, nayo ilitatuliwa papo hapo kwa ushirikiano na sekta binafsi. Watu wakapiga makofi. Mdogo wangu alipiga makofi kuliko wote, ananitazama, na mke wake alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Niliinuka niseme ukweli. Nilifika kwenye maneno "kwa kweli mimi," baba mdogo akaniwahi, akatangaza kwamba binti wa mjomba anaolewa mwezi ujao huko Mpwapwa na kwamba kamati inaundwa hapo hapo. Niliomba kwa sauti, mbele ya mashahidi, niwekwe kwenye chakula.

Shangazi akapewa chakula. Mimi nikapewa kalamu nianze kuandika majina ya wasafiri, na nikaandika la bibi harusi kabla hajatajwa mtu.